Mfungwa Niliyemwombea Bungeni

Mama wa mfungwa huyo alifika kwangu mara ya kwanza Jumamosi moja asubuhi, katika mwaka wangu wa pili wa ubunge. Bunge lilikuwa likizoni, nami nilikuwa nimerudi Bunia kutoka Kinshasa. Kila Jumamosi nilipokuwa nyumbani nilifungua lango langu katika mtaa wa Nyakasanza nikapokea watu. Walikaa kwenye viti vya plastiki barazani, na viti vilipokwisha wakakaa ukingoni mwa baraza, wengine wakasimama chini ya mikaratusi kando ya barabara, pikipiki zikiwafunika kwa vumbi. Mmoja alitaka mabati ya kanisa. Mwingine alitaka nimwambie jirani yake arudishe ua mahali alipoukuta. Mimi nilikuwa wa upinzani, sikuwa na waziri hata mmoja ambaye angepokea simu yangu, na niliwaambia hivyo waziwazi. Walinisikiliza kwa adabu, kisha wakarudia ombi lao tangu mwanzo.

Yeye alingoja hadi wote wakaondoka. Alikuwa mzee, mwembamba, kitenge chake kimefuliwa mpaka maua yamepotea. Alikuwa ametoka upande wa Marabo, sehemu kwa miguu na sehemu kwa lori. Nilimwonyesha kiti, akakataa. Alikaa sakafuni, akanyoosha miguu, akaipangusa vumbi kwa ncha ya kitenge.

"Mama onorable," alisema, maana ndivyo watu wa kwetu wanavyowaita wabunge, "mutoto wangu iko mu buloko. Mwaka ya tatu sasa. Hawajamupeleka mbele ya juji hata siku moja."

"Amefungwa kwa kosa gani?"

"Banasema iko na bale ba mu pori."

Wa porini ni wale waliobaki vichakani na silaha zao baada ya vita. Vita yenyewe ilikuwa imekwisha, au ndivyo tulivyosema. Soko lilijaa, na watu wa pande mbili walinunua nyama kwenye meza moja. Lakini jua likianza kuteremka kila mtu alirudi mtaa wa watu wake, na ukimwuliza mtu habari za zamani alikujibu kwamba tumesahau.

"Na ni kweli alikuwa nao?" nilimwuliza.

"Zamani, mu vita, alikuwa nabo. Sawa batoto bote ba kwetu. Kisha akaacha, akarudia kulima. Bamemukamatia mu shamba, jembe iko mu mukono."

Kuniambia ukweli huo ndiko kulikonifanya nimwamini. Wengine wangeapa kwamba mtoto wao hakuwahi kushika hata fimbo.

Lazima niseme hapa kwamba upande wa Marabo haukuwa upande wetu. Mimi nimezaliwa katika familia ya wafugaji, na wakati wa vita watu wa mama huyo na watu wa kwangu waliuana bila kuhesabu. Mdogo wangu wa kiume, mtoto wa mwisho wa baba yangu, alipotelea kwenye barabara hiyohiyo. Alikuwa muuguzi. Alisomea kwenye hospitali ya Nyankunde na akabaki huko kufanya kazi. Vita ilipokaribia nilikwenda kumchukua. Tulipanda lori lililobeba mihogo na watu, tukapita Marabo, na mbele kidogo tukakuta barie, gogo limelazwa barabarani, na vijana wenye bunduki. Mmoja wao, ambaye hata ndevu hakuwa nazo, alikuwa na kigugumizi. Neno lilipomkwama alipiga paja lake kwa kiganja hadi litoke. Alifungua mkoba wa mdogo wangu, akaona bandeji na sindano.

"Huyu a-a-ashuke," alisema. "Tuko na bagonjwa. Tutamurudisha ke..." Alipiga paja mara moja, mara mbili. "Kesho."

Mdogo wangu alishuka. Aliniambia nibaki juu. Akasema kwa lugha yetu kwamba watu wanaohitaji mganga hawamuui mganga. Lori likaondoka, na kesho hiyo haikufika. Baba alimngoja mwaka mzima, kisha akafanya matanga bila maiti. Alichinja ng'ombe, akanyoa nywele, na tangu siku hiyo jina la mdogo wangu halikutajwa tena nyumbani kwetu.

Kwa hiyo nilipomsikiliza mama yule nilijua vizuri ninamsaidia mtu wa upande gani. Kusema kweli nilijisifu kidogo moyoni. Niliona kwamba huu ndio ubunge. Nilimwandikia waziri wa sheria barua siku hiyohiyo.

Waziri hakujibu. Niliandika ya pili, nayo haikujibiwa. Niliwasilisha swali la maandishi kwa njia ya bunge, na muda wa kisheria wa kulijibu ukapita. Kila nilipokuwa Bunia mama alikuja Jumamosi yake. Alikaa sakafuni akanywa chai ya maziwa, na nilipomwambia hakuna jibu alisema, "Aya. Nitarudia juma ingine." Mara nyingine aliniletea maparachichi au fungu la mboga za lengalenga. Hakulia hata siku moja. Siku moja aliniuliza kama baba yangu bado yuko hai. Nilimwambia ndiyo, yuko na ng'ombe wake. Aliinamisha kichwa, akasema ni vizuri mzazi kuwa mzima.

Mwanawe alikuwa amehamishiwa gereza la mji mwingine, mbali sana. Mama alifika huko mara moja tu, kwa safari ya siku nne, akaambiwa kwamba haonwi. Walipokea nguo alizompelekea, wakampa kikaratasi chenye muhuri na namba ya mfungwa. Kikaratasi hicho alikiweka ndani ya Biblia. Nilipokuwa narudi Kinshasa kwa kikao kipya alinikabidhi.

"Weka weye," alisema. "Kwangu nyumba inavuja."

Katika kikao hicho niliomba nafasi ya kumwuliza waziri kwa mdomo, mbele ya bunge zima. Ilichukua majuma mengi kupata zamu. Kiti changu kilikuwa safu ya nyuma, mahali pa wapinzani wasio na jina kubwa, ambapo sauti ya kipaza sauti hufika imechoka. Siku yangu ilipofika nilisoma swali langu. Nilitaja jina la mfungwa, siku aliyokamatwa, na kwamba hajawahi kufikishwa mbele ya hakimu. Nilisema kwamba nchi inayomfunga mtu bila kumhukumu haiwezi kuwaambia watu wake kwamba vita imekwisha.

Waziri alisimama, akapanga karatasi zake. "Serikali imefanya uchunguzi wa kina," alisema. "Mtu huyo hayumo katika daftari la gereza lolote la nchi hii. Nasikitika kumwambia mheshimiwa kwamba wapiga kura wake wamemdanganya."

Ukumbi ulicheka. Upande wa serikali walipiga meza, na hata upande wetu wa upinzani wapo walioficha mdomo. Mimi nilibaki nimesimama. Nilikuwa nimejiandaa kwa ahadi, kwa uchunguzi unaoendelea, kwa maneno yote ambayo mawaziri huyatumia. Sikuwa nimejiandaa kuambiwa kwamba mtu hayupo duniani. Kisha nikakumbuka kikaratasi kilichokuwa kwenye mkoba wangu.

Nilikisoma kwa sauti, namba, muhuri na sahihi ya aliyepokea nguo. Spika aliagiza kipelekwe kwa waziri. Tarishi wa bunge alikichukua kwa glavu zake nyeupe, akateremka ngazi, akavuka ukumbi wote bila haraka. Waziri alikitazama mbele, akakigeuza nyuma, akakitazama tena mbele.

"Tutafuatilia," alisema.

Mfungwa aliachiliwa kabla ya kikao kumalizika. Redio za Bunia zilitangaza, na niliporudi nyumbani wanawake wa sokoni waliniita kwa mbali. Ilikuwa mara ya kwanza katika ubunge wangu kusema neno na kitu kikatokea.

Walikuja kunishukuru Jumamosi ya kwanza ya likizo, kama saa nne asubuhi. Mama alitangulia, kuku mkononi, na nyuma yake mwanaume mrefu aliyekonda, shati limemzidi mabega, kikohozi cha gerezani kifuani. Nilisimama nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili. Watu waliokuwa barazani walipiga makofi. Alifungua kinywa ili aseme asante.

Nilisikia kiganja kikigonga paja kabla sijasikia neno.

"A-a-a..." Aligonga tena. "Asante, mama."

Mkono wake ulikuwa bado ndani ya mikono yangu. Naukumbuka vizuri, ulikuwa mkavu, wenye sugu, mkono wa mtu wa jembe. Sikuutupa. Niliuachia polepole kama mtu anayeweka yai, nikasema nakuja, nikaingia ndani hadi jikoni. Nilimimina maji kwenye glasi, nikayatazama. Nilijiambia kwamba wenye kigugumizi ni wengi, na wanaopiga paja ni wengi. Niliyamwaga yale maji kwenye karai.

Niliporudi niliwaomba wageni wengine waje Jumamosi ijayo. Tulipobaki watatu nilimwuliza mwanaume yule, "Wakati wa vita ulikuwa kwenye barie, mbele ya Marabo?"

Hakunitazama mimi. Alimtazama mama yake. Na mama yake hakushangaa. Alikuwa amekaa sakafuni palepale anapokaa siku zote, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyekuwa akingoja lori na sasa amelisikia likija.

"Muambie," alimwambia mwanawe.

Alieleza kwa shida, paja likigongwa, na mimi sikumsaidia hata neno moja. Walimpeleka mdogo wangu kijijini kwao, kwenye nyumba ya mama yake, kwa sababu wenye majeraha walikuwa wamelazwa humo. Aliwatibu miezi miwili. Mkubwa wao alikuwa amesema kwamba mganga akitoroka, aliyekuwa zamu ndiye atakayepigwa risasi. Siku moja asubuhi, ukungu ukiwa bado bondeni, mdogo wangu alitoka kama anayekwenda kujisaidia, akaanza kukimbia kuelekea barabara.

"Mimi njo nilikuwa za-za-zamu," alisema. "Nilipiga."

Nilimsikia. Nilielewa kila neno. Lakini macho yangu yalikuwa kwa mama yake.

"Yuko wapi?" niliuliza.

"Iko kwangu," mama alijibu. "Mu shamba yangu. Balitaka kumuacha inje. Nilikatala. Nilimuosha mimi mwenyewe, nikamufunga mu kitenge yangu ya ndoa."

"Ulijua mimi ni nani?"

"Nilijua. Alikuwa anasema juu yako. Dada yangu ni mwalimu Bunia, hivi na hivi. Kisha wakati ya kura bakabandika picha yako pale Marabo. Sura ni moja."

"Tangu siku ya kwanza ulipokuja hapa, ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza."

Nilihesabu kichwani Jumamosi zote zile, chai na maparachichi, na swali lake kuhusu baba yangu. Mtu aliyemzika mdogo wangu alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kitini kwangu, akiniambia atarudi juma lingine.

"Kwa nini hukuniambia?"

Alinyanyua uso. Hakuwa na hasira wala aibu. "Ningekuambia," alisema, "ungeandika ile barua?"

Mpaka leo sijamjibu. Nimejaribu kusema ndiyo, ningeandika, kwa sababu sheria ni sheria na mtu asifungwe bila hakimu. Nikisema hivyo peke yangu chumbani naona haya. Siku ile niliwaambia waondoke tu. Walipofika langoni nilimwita mama, nikamwambia Jumatatu nitakuja kuona mahali. Alisema atanisubiri barabarani.

Nilikodi gari. Tangu siku ya lori nilikuwa nimepita barabara ile mara nyingi, katika misafara ya uchaguzi, vioo vimefungwa na watu wakiimba. Safari hii nilikwenda kimya. Baada ya daraja la mto Shari nilimwomba dereva aende taratibu. Mahali pa lile gogo palikuwa pameanikwa mihogo, imetandazwa juu ya maturubai, myeupe pande zote mbili za njia.

Mama alikuwa amesimama alipoahidi. Tulitembea kwa miguu, yeye mbele, tukashuka bonde na kupanda. Shamba lake lilikuwa la mihogo na maharagwe, na katikati paliachwa nafasi ya mwanaume aliyelala, imezungushiwa mawe.

"Hapa silimi," alisema.

Nilikaa chini. Nilidhani nitalia na sikulia. Nilimwomba aniambie mdogo wangu aliishije huko. Aliniambia alikuwa hapendi sombe, yale majani ya muhogo, isiyo na chumvi, na chumvi ilikuwa haipatikani, kwa hiyo alikula akikunja uso na kumwomba radhi. Aliwalazimisha wote wachemshe maji. Alimkanda mama huyo mguu wake wa kushoto uliokuwa umevimba hadi akaweza kwenda mtoni. Jioni aliwaimbia wagonjwa nyimbo za kanisani, kwa sauti mbaya.

Hilo la sauti mbaya lilikuwa kweli. Nilishikwa na kitu ambacho sikukitazamia kabisa, nacho kilikuwa wivu. Miezi miwili ya mwisho ya mdogo wangu ilikuwa mali ya mwanamke huyu, na sisi tulikuwa tumebaki na ng'ombe wa matanga.

Kesho yake nilikwenda kwa baba, kwenye malisho yake nje ya Bunia. Nilimwambia yote, kwa lugha yetu, nikiwa nimesimama, maana hakunikaribisha kukaa. Alisikiliza akiwa ameegemea fimbo.

"Aliyempiga yuko wapi?" aliuliza nilipomaliza.

"Yuko kwao."

"Ulisema alikuwa gerezani."

"Alitoka, baba."

"Nani alimtoa?"

Nilijua kwamba alikuwa amekwisha kusikia redio. Alitaka nitamke mwenyewe.

"Mimi," nilisema.

Baba hakunipandishia sauti. Alisema, "Mwanangu nilikuwa nimemzika. Wewe umenifukulia." Kisha akageuka, akaenda kwa ng'ombe wake. Tangu nizaliwe baba alikuwa hajawahi kunigeuzia mgongo katikati ya mazungumzo. Likizo ilipokwisha nilikwenda Kinshasa bila baraka yake.

Huko nilikuta jambo jingine likinisubiri. Serikali ilikuwa imeleta muswada wa msamaha kwa waliobeba silaha wakati wa vita. Kundi letu la upinzani lilikuwa limeamua kuuunga mkono, kwa sababu wapo watu wetu ambao ungewatoa gerezani, na baada ya habari ya kile kikaratasi mimi ndiye niliyechaguliwa kuuzungumzia. Hotuba yangu ilikuwa imekwisha kuandikwa kabla ya Jumamosi ile. Kiongozi wa kundi aliniambia kwenye korido ya bunge, mkono begani kwangu, "Wewe ndiwe sura ya jambo hili."

Niliposimama niliiacha hotuba kwenye meza. Nilisema naleta badiliko la kifungu kimoja. Kwamba yeyote anayetaka msamaha, kwanza aende kwa familia aseme mtu wao yuko wapi. Aseme kwa kinywa chake, na mahali paonyeshwe. Nilisema kwamba katika jimbo langu watu wanalima wakizunguka makaburi wasiyoweza kuyataja, na wengine wanafanya matanga ya nguo kwa kukosa mwili. Sikutaja mdogo wangu. Sauti ilinisaliti hata hivyo, nikaona vichwa vya safu za mbele vikigeuka.

Kipaza sauti kilizimwa dakika zangu zilipokwisha, nikiwa katikati ya sentensi. Badiliko langu lilipigiwa kura, na mikono iliyoinuka kuliunga mkono ilikuwa michache, ningeweza kuisalimu yote kwa mara moja. Nilipotazama upande wangu niliona kiongozi wetu ameishusha yake kwenye mapaja. Baadaye, muswada wenyewe ulipopigiwa kura, sikusema ndiyo wala hapana. Nilijizuia. Ukapita.

"Umetuaibisha," kiongozi aliniambia mlangoni. "Ulimtoa mtu mwenyewe, leo unawazuia wengine. Nini kimekupata?"

Nilimwambia. Alikuwa mtu mzuri, mwenye dada zake mwenyewe. Alinirekebishia kola ya koti langu iliyokuwa imekunjika, akaenda.

Mvua za Bunia zilikuwa zimeanza baba aliponipigia simu. Baba hapendi simu. Husema inamleta mtu bila miguu. Nilipoona namba yake nilidhani kuna msiba.

"Mlete yule kijana," alisema. "Nataka kumsikia mimi mwenyewe."

Niliporudi kwa likizo niliwapelekea habari, na walikuja wote wawili, mama na mwanawe, mchana kweupe, mbele ya wajomba zangu ambao hawakuwapa mkono. Sikulala vizuri siku zile nikifikiria nini kinaweza kutokea. Baba aliwaweka uani, akawaletea viti yeye mwenyewe, na mama, kwa mara ya kwanza nikimwona, akakaa kwenye kiti. Mwanawe alisimulia. Ilichukua muda mrefu. Paja lilipogongwa, mmoja wa wajomba aliinuka akaondoka. Baba hakumtazama kijana, alitazama chini kati ya miguu yake. Mwisho akauliza kwa Kiswahili, lugha ambayo haipendi zaidi ya simu:

"Alisema nini?"

Kijana angeweza kusema chochote. Angeweza kusema kwamba alimwita Mungu, au alimtaja baba yake, na nani angembishia. Aligonga paja, akangoja neno.

"Hakusema kitu, muzee. A-a-alikuwa anakimbia."

Baba aliitikia kwa kichwa. "Ndiyo," alisema. "Tangu utoto alikuwa na mbio sana."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu matanga kusema jinsi alivyokuwa. Wajomba walitazamana. Mama yule alijifunika uso kwa kitenge, na ndipo nilipomwona akilia, baada ya Jumamosi zote zile.

Tulimtoa mdogo wangu shambani juma lililofuata, tukamlaza kwetu. Kitenge kilikuwa kimeoza, lakini kipande kilibaki, na baba alisema kirudi naye ardhini. Mama alikuja na mwanawe wakasimama nyuma ya watu. Hakuna aliyewafukuza na hakuna aliyewaita mbele. Kijana alikuwa amekwenda kwa mwendesha mashtaka kwa hiari yake, kwa sababu nilimwambia kwamba hilo nalo nalidai. Waliyaandika maneno yake, kisha sheria ya msamaha ikaanza kufanya kazi, wakampa karatasi na kumwambia arudi nyumbani. Nasikia alikwenda kwenye migodi ya Kilo kuchimba dhahabu. Mama amebaki peke yake na shamba lake. Sijui kama pale katikati sasa analima.

Katika uchaguzi uliofuata wapinzani wangu walizunguka na kipaza sauti wakisema, "Huyu ndiye aliyemtoa muuaji wa ndugu yake." Nilishindwa. Watu huniuliza kama ni kwa sababu hiyo, na siwezi kuwajibu, kwa maana upande wa Marabo, ambako zamani nilipata kura za kuhesabu kwa vidole, safari hiyo nilipata nyingi.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ya mazishi, watu walipokwisha kutawanyika, nilibaki kumsaidia baba kufunga zizi. Alikuwa hajaniambia neno tangu asubuhi. Alifunga kamba, akaijaribu, akaikaza tena.

"Bunge linafunguliwa lini?" aliuliza.

"Alhamisi."

"Basi nenda kapange vitu vyako," alisema. "Mvua hii ikiendelea ndege haitashuka."